Mpiga Picha Akishuka Machimboni, Kikundi Kiulize Nini?



Katika kutembelea vikundi, kuna swali moja ambalo limekuwa likiulizwa na mara nyingi halipati jibu: "Wale wageni waliokuja na kamera kubwa wakatupiga picha tukiwa kazini, picha zetu zilienda wapi?" Kule Tabaka huulizwa na wachimbaji na wachongaji wa mawe ya sabuni, pamoja na kina mama wanaoyasugua. Upande wa Nyamira huulizwa na vijana walioajiriwa kwenye viwanda vya majani chai. Katika toleo hili tutajaribu kulijibu. Tutaeleza kazi ya mpiga picha wa machimbo na viwanda vikubwa ni kazi ya namna gani, picha zake hutumika wapi, na kikundi kinaweza kusema nini kabla kamera haijatolewa kwenye mkoba. Nasema kabla, kwa sababu baadaye huwa vigumu sana.

KAZI YENYEWE

Sisi wengi tumezoea mpiga picha wa harusi, wa kipaimara au wa studio pale mjini Kisii. Huyo analipwa na yule anayepigwa picha. Ukimlipa anakupa picha yako, mmemalizana. Mpiga picha wa machimbo na viwanda ni tofauti. Anayemlipa siye aliye ndani ya picha. Analipwa na kampuni, au na mnunuzi wa bidhaa, au na shirika linalotoa pesa za mradi. Wewe uliyeshika sururu umo kwenye picha kama vile jiwe, lori na mashine zilivyomo. Hilo si tusi. Ndivyo biashara yenyewe ilivyo, na ni heri kuijua.

Sasa kampuni inatafuta nini kwenye picha hizo? Ya kwanza ni taarifa ya mwaka. Kampuni yenye wenye hisa huandika kila mwaka imefanya nini na pesa zao, na kitabu kisicho na picha hakisomwi. Ya pili ni wanunuzi. Mtu aliye Ujerumani au Marekani hawezi kufika Tabaka kuona kama kinyago cha kiboko kimechongwa kwa mkono, basi anaonyeshwa picha ya mikono. Tena kuna benki na bima, ambao wanataka kuona mashine zipo kweli na ziko katika hali gani kabla ya kutoa mkopo au kukubali kulipa hasara. Na kuna serikali. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, anayetaka kufungua machimbo hutakiwa kwanza kuchunguza madhara yake na kupata kibali cha NEMA, na picha ya ardhi ilivyokuwa kabla ni ushahidi mkubwa. Pwani, mgodi wa titani wa Kwale ulichimbwa kuanzia 2013 hadi ulipofungwa Desemba 2024. Kwa mgodi wa namna hiyo, mabishano yote ya mwisho ni haya: ardhi ilikuwaje, na imerudishwa ikiwaje? Asiye na picha ya mwanzo hana la kujibu.

Siku hizi kuna pia ile ndege ndogo isiyo na rubani, droni. Wengi hufikiri ni ya kupamba tu. La hasha. Ikipita juu ya machimbo ikapiga picha nyingi zinazopandana, kompyuta inaweza kuziunganisha na kukadiria shimo lina kina gani na rundo la mawe lina ujazo gani. Kwa hiyo mtu anayerusha droni juu ya shimo lenu huenda anapima mali yenu huku ninyi mnampungia mkono. Kurusha droni Kenya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa kanuni za mwaka 2020. Si vibaya mkimwomba awaonyeshe.

TUNAYOWEZA KUJIFUNZA KATANGA

Ili tuone picha za kampuni zinavyofanya kazi kwa miaka mingi, twende mbali kidogo, mpaka Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi. Huko kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba. Kampuni ilipiga picha nyingi sana: mitambo, mabomba ya moshi, nyumba za wafanyakazi, na wafanyakazi wenyewe wamepangwa mistari kama shuleni. Zilikuwa zinawaambia wenye mali kule Ulaya kwamba kazi inaendelea, nidhamu iko, pesa zenu ziko salama. Jasho la yule mtu kwenye mstari halikuwa habari yenyewe, na mara nyingi hata jina lake halikuandikwa.

Baada ya uhuru serikali ilichukua migodi hiyo, ikaja kuitwa Gécamines, na miaka ya 1990 kazi ikaporomoka vibaya. Halafu kijana mmoja wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa 1978, aliingia kwenye kumbukumbu za kampuni akazitoa zile picha za zamani. Aliwakata wale wafanyakazi na kuwaweka juu ya picha zake mpya za mitambo iliyokufa na kushika kutu. Kazi hiyo, aliyoiita Mémoire na kuimaliza mwaka 2006, imeonyeshwa katika nchi nyingi. Ukiitazama unaona babu aliyesimama wima mbele ya kiwanda ambacho hakipo tena. Picha ni ileile aliyoipiga mtu wa kampuni. Kilichobadilika ni aliyeishika na sababu ya kuishika.

Wamarekani nao wana mfano wa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1908, Lewis Hine alizunguka migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo akipiga picha za watoto waliokuwa wakifanya kazi humo. Alitumwa na kamati iliyokuwa ikipinga ajira ya watoto, siyo na kampuni. Kampuni zilimfukuza. Inasimuliwa kwamba pengine alijifanya muuza Biblia ili aingie (na sisi watu wa kanisa tumsamehe). Picha zake zilisaidia kuwaamsha wananchi, ingawa sheria ya nchi nzima iliyosimama imara ilikuja mwaka 1938. Kwa hiyo mtu yuleyule, mgodi uleule, lakini picha ikaenda njia nyingine kwa sababu mlipaji alikuwa mwingine. Ndiyo maana swali la kwanza la kikundi liwe: nani amekutuma?

ANAVYOFANYA KAZI

Kuna wanaodhani huyu mtu anabonyeza tu na kuondoka. Kazi yake ni ngumu kuliko hivyo, na ukiielewa utajua anachokuomba kina maana au hakina.

Chukueni Tabaka. Jiwe ni jeupe, lingine la waridi, lingine la kijivu mpaka jeusi. Jua la saa sita likipiga kwenye shimo jeupe, kamera inadanganyika. Inaona mwangaza mwingi, inajipunguzia, na uso wa Mmgusii mweusi aliyesimama hapo unatoka kama kivuli tupu. Mpiga picha asiyejua anarudi mjini na picha za mawe mazuri na watu wasio na nyuso. Anayejua huja asubuhi mapema au jioni, hupima mwanga wa uso wala siyo wa jiwe, au hukusogeza mahali ambapo ukuta mweupe unarudisha mwanga usoni pako. Kwa hiyo akikuambia, "Mzee, geuka kidogo," si maringo.

Vumbi nalo ni adui wake. Vumbi la jiwe la sabuni ni laini kama unga, linaingia kwenye kamera na kuiharibu. Utamwona anaifunika kwa mfuko wa nailoni na hataki kubadilisha lenzi karibu na anayekata jiwe. Hapo nami husema jambo moja: kama anaiogopea kamera yake vumbi hilo kwa saa mbili, je, mapafu ya mama anayelivuta miaka ishirini? Kusugua jiwe ndani ya beseni la maji, kama kina mama wengi wanavyofanya, hupunguza vumbi sana. Kukata na kusugua likiwa kavu, hasa kwa mashine ya umeme, ndiko kunakolirusha hewani.

Ndani ya kiwanda cha chai shida yake ni giza, joto na mashine zinazotembea. Chumba cha boila kina joto kali. Kamba ya kamera ikining'inia inaweza kunaswa na mashine za kusaga majani, na mtu akaenda nayo. Mpiga picha mwenye nidhamu husikiliza maelezo ya usalama kwanza, huvaa buti, kofia ngumu na koti la kung'aa, na huwa na mtu wa kiwanda kando yake. Asiyevaa hivyo msimpokee, hata kama ni mtoto wa jirani.

Na machimboni kuna hatari nyingine ambayo lazima niitaje waziwazi. Ili picha ipendeze, mtu anaweza kukuomba usimame chini ya ukuta uliochimbwa kwa ndani, au upande ukingoni na jiwe begani. Mvua ya kwetu Gusii mnaijua. Ukuta uliolowa hauombi ruhusa kuanguka. Hata yeye mwenyewe, akirudi nyuma jicho likiwa kwenye kamera, anaweza kutumbukia. Mteueni mtu mmoja wa kusimama nyuma yake, na kama mahali hapafanyiwi kazi siku za kawaida, pasifanyiwe kwa sababu ya picha.

PICHA ILIYOPANGWA

Hapa ndipo ugomvi huanza. Kabla ya picha, kampuni nyingi hupenda kufagia, kupaka rangi na kugawa nguo mpya. Kibarua ambaye amefanya kazi miezi sita bila glavu anapewa glavu asubuhi, anapigwa picha, na jioni glavu zinakusanywa. Nimeyasikia haya kutoka kwa wafanyakazi wa zaidi ya sehemu moja. Ile picha ikienda kwa wenye hisa au kwa mnunuzi anayejali hali za wafanyakazi, imekuwa uongo, na uso uliotumika kuusema ni wako.

Kupanga vitu kidogo si dhambi. Kuondoa ndoo iliyozuia njia au kumwomba mtu ajifute vumbi usoni ni heshima. Mimi napima hivi: kesho yake, saa ileile, ukienda pale utakuta kilicho kwenye picha? Kama utakuta, hiyo ni picha ya kazi. Kama glavu zimerudi stoo, kikundi kina haki ya kusema hapana, au kusema glavu zibaki.

Upande wa pili kuna wale wanaotaka tuonekane maskini kuliko tulivyo. Hao huja kwa njia ya miradi, na nasikitika kusema baadhi yetu wa mashirika tumewazoea. Wanamruka mchongaji aliyevaa shati safi wanamtafuta mtoto mwenye kamasi. Mtoto asipigwe picha akiwa amebeba mawe ili apendeze kwa mfadhili. Kama kweli anabeba mawe badala ya kuwa shuleni, hiyo ni kesi ya chifu na ya ofisi ya watoto.

Tena kuna jambo la chinsoni. Mgeni halijui, ni lazima aelezwe. Mama anayesugua mawe kwenye beseni amekaa chini, amekunja leso mpaka magotini, maji yamemlowanisha. Kwa wenzake pale hakuna neno. Lakini picha hiyo ikibandikwa kwenye kalenda, ikaning'inia kwenye duka mjini, akaiona mkwe wake? Kwetu hilo ni zito kuliko pesa. Nimewahi kuona mama akikataa kurudi kazini wiki nzima kwa sababu ya picha kama hiyo, na aliyeipiga hakujua hata amekosea nini. Mama apewe nafasi ya kuinuka, kujifunga leso vizuri na kukaa anavyotaka yeye, kisha apigwe.

SHERIA INASEMA NINI

Tuko mahali pazuri kuliko zamani. Katiba ya 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema habari zinazomtambulisha mtu, pamoja na sura yake, zisitumike kibiashara bila ridhaa yake au bila sheria kuruhusu. Ridhaa yenyewe si kunyamaza. Ni lazima uwe umeelezwa picha ni za nini, na ukubali kwa hiari. Akija kusema ulikubali, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha, siyo wewe kuthibitisha ulikataa. Na unaweza kuiondoa ridhaa yako baadaye, ingawa yaliyokwisha kuchapishwa kihalali kabla hayafutiki. Mtoto anasemewa na mzazi au mlezi. Waandishi wa habari wana nafasi yao tofauti kidogo, kwa hiyo tusichanganye gazeti na tangazo la kampuni.

Hapo kuna makosa mawili tunayoyaona kila mara. Moja, mwenyekiti anakubali kwa niaba ya watu arobaini. Hawezi. Sura ni ya mtu mmoja mmoja. Mwenyekiti anaweza kukubali watu waingie machimboni, lakini sura ya Mama fulani ataikubalia Mama fulani mwenyewe. La pili ni ridhaa inayoombwa mbele ya msimamizi. Kama bosi amesimama hapo na kalamu, "ndiyo" ya kibarua ni ndiyo ya namna gani? Afadhali waulizwe faraghani, na anayekataa asiulizwe sababu.

Je, sheria hii inafanya kazi au ni karatasi tu? Desemba 2022 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu mtandaoni bila ridhaa yake. Septemba 2023 ikaitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja, na shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotumika bila ruhusa ya wazazi. Hao hawakuwa na migodi, lakini sheria ni ileile. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90.

Sasa picha ni mali ya nani? Watu wengi husema, "Ni yangu, mimi ndimi niliye ndani." Sivyo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Lakini kama alitumwa na mtu mwingine kuipiga, au aliipiga akiwa mwajiriwa wake, haki inahesabiwa imehamia kwa aliyemtuma, isipokuwa kama wamepatana vingine. Haki hiyo inadumu miaka 50. Kwa hiyo wewe una haki juu ya sura yako, na kampuni ina haki juu ya picha. Ni vitu viwili. Yale maneno "isipokuwa kama wamepatana vingine" ndiyo mlango wa kikundi. Kwa mapatano kikundi kinaweza kupewa nakala, na ruhusa ya kuzitumia kwa biashara yake.

Wachongaji wa Tabaka, nanyi mna la kwenu. Kinyago ulichobuni wewe nacho ni kazi ya sanaa chini ya sheria hiyohiyo, na haki yake inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuna wanunuzi wanaokuja na kamera, wanapiga sampuli thelathini, wananunua mbili. Baada ya miezi michache mtindo wako unachongwa kwa bei ya chini na mtu aliyepewa picha, au unatolewa kwa ukungu kiwandani ng'ambo. Ubunifu wa zamani wa jamii, kama vile kiboko wa kawaida au sahani ya mviringo, hauwezi kudai ni wako peke yako. Lakini kile ulichokitoa kichwani mwako, kipige picha wewe mwenyewe kwanza, uandike tarehe. Sampuli mpya zisitolewe nje kupigwa picha mpaka oda iwe imeandikwa.

NYAMIRA SI SAWA NA TABAKA

Kwenye chai mambo yamegeuka, na wakulima wengi hawajaligundua hilo. Tangu KTDA ilipobinafsishwa mwaka 2000, viwanda kama Nyansiongo, Sanganyi, Kebirigo na Tombe ni kampuni ambazo wenye hisa wake ni wakulima wadogo. Basi mpiga picha wa taarifa ya mwaka ya kiwanda chako amelipwa kwa pesa za majani yako. Wewe ndiwe uliyemtuma! Kwenye mkutano mkuu wa mwaka una haki ya kuuliza: mbona kitabu kimejaa wakurugenzi wakikata utepe, na boila tuliyoikopea mamilioni haionekani? Picha ya boila, ya mizani kwenye kituo cha kununulia majani, ya rundo la kuni, hizo ndizo zinazomwonyesha mkulima pesa zilikwenda wapi. Kibarua wa kiwandani naye ana ulinzi uleule wa sura yake, hata kama mwajiri wake ni mjomba wake mwenye hisa.

KAMERA YA KIKUNDI

Simu ya mmoja wenu inatosha kuanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi picha ni kurasa za daftari. Kila mwezi, simameni mahali palepale, mkielekea upande uleule, mpige shimo. Wekeni mtu au mtaimbo wa kipimo kinachojulikana kwenye picha ili kina kionekane. Baada ya mwaka mtakuwa na ushahidi ambao hakuna mjumbe wa tume anayeweza kuubisha: ukuta ulianza kupasuka lini, maji yalituama lini kwenye shimo lililoachwa wazi, njia ya lori ilikula shamba la nani. Mkimwandikia NEMA au kaunti, ambatanisheni nakala. Picha ya asili isipunguzwe wala kupakwa rangi, na ihifadhiwe mahali pawili.

Kwa mauzo, weka kinyago kwenye kitambaa cha rangi moja, kando ya dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, na uweke rula kando yake. Vijana waliosomea upigaji picha mjini Kisii wanaweza kufanywa wanachama. Kazi hii ya machimbo na viwanda nao wangeiweza, na mgeni kutoka Nairobi asingekuwa ndiye peke yake anayeitwa.

MFANO WA MAKUBALIANO

Vikundi kadhaa vimeomba maneno ya kuandika. Haya yanatosha kwa kuanzia, myabadilishe kulingana na mahali penu:

"Leo tarehe ........ sisi kikundi cha ........ tunaofanya kazi ........ tumepatana na ........ (jina, kitambulisho, simu), aliyetumwa na ........, kwamba atapiga picha hapa kwa siku ....... Picha ni za ........ na hazitatumika kwa jambo lingine, wala kupewa mtu mwingine, bila kuturudia. Zitatumika mpaka mwaka ........ Hakuna atakayepigwa picha bila kukubali mwenyewe, na walioandika majina yao nyuma ya karatasi hii ndio waliokubali. Mtoto hatapigwa bila mzazi wake kuweka sahihi. Hakuna atakayewekwa mahali pa hatari, na vifaa vya usalama vitakavyotolewa kwa ajili ya picha vitabaki kwa wafanyakazi. Sampuli za wachongaji hazitapigwa picha ila zilizooneshwa na wenyewe. Kwa muda wa kazi uliopotea kila mtu atalipwa shilingi ........ Kikundi kitapewa nakala za picha zote zilizochaguliwa kabla ya tarehe ........, na kinaweza kuzitumia katika shughuli zake. Majina ya watu yataandikwa chini ya picha, kama wenyewe wanataka."

Ziandikwe nakala mbili. Isomwe kwa sauti, na ifafanuliwe kwa Ekegusii kwa wazee wasiofuata Kiswahili cha karatasi, ndipo watu watie sahihi au kidole gumba. Malipo yatolewe mbele ya wote na kuandikwa na mweka hazina siku hiyohiyo. Nakala ya kikundi ikae kwenye faili kwa katibu, siyo mfukoni mwa mwenyekiti.